Sifongo za Kipwa Kidogo

Mkwiro, Jumamosi, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Riziki,

Salamu hizi nakuandikia ungali katika nyumba hii, kwa kuwa kesho wakati kama huu utakuwa njiani kwenda Ujerumani. Hali zetu unazijua, umetuona asubuhi, alhamdulillahi. Wewe na mama yako mmevuka kwenda Munje kumuaga mama yako mkubwa Mejumaa, nami nimebaki kibarazani na daftari lako la sekondari, lile lililobaki na kurasa tupu nyuma.

Sitakuandikia habari za sweta wala za chakula. Mama yako amekwisha kukwambia mara tatu, na ya nne atakwambia uwanja wa ndege. Kibla nacho simu yako itakuonyesha vizuri kuliko nitakavyokuonyesha mimi. Nina jambo moja tu. Unalijua, lakini unalijua kwa upande wako. Sijapata kukusimulia kwa upande wangu tangu mwanzo hadi mwisho, nawe kwa adabu yako hukuniuliza tena.

Unakumbuka nilivyokuwa zamani. Wageni waliletwa kwa mabasi kutoka hoteli za Diani, tukawapokea Shimoni na kuwapeleka kwenye matumbawe, na mimi ndiye niliyeshuka nao chini. Baadaye wakaja watafiti. Walitaka mtu wa kuwatolea vipande vya viumbe wa baharini, na kila waliyemuuliza aliwaambia: mtafuteni Salimu wa Mkwiro, huyo anaijua bahari ya huku kama ua wa nyumba yake. Maneno hayo niliyapenda, Riziki. Niliyapenda kuliko inavyomfaa mtu mzima. Mtu akinisifu njiani nilijifanya sikusikia vizuri, ili ayarudie.

Wewe ulikuwa ukinisubiri kwenye ngazi za gati, na nilipotoka majini ulikuwa wa kwanza kutia mkono ndani ya ndoo. Sifongo ndizo zilizokushangaza. Ulidhani ni mimea. Mtafiti mmoja mama akakwambia la, huyu ni mnyama, hana miguu ya kukimbilia wala meno ya kung'atia, basi hujilinda kwa sumu anayoitengeneza mwenyewe, na sumu za baadhi yao zimefanywa dawa za saratani. Ulikwenda nyumbani mbio kumweleza mama yako, kiatu kimoja ukakiacha gatini. Nadhani safari yako ya kesho ilianza siku ile.

Ulipofika kusomea shahada ya pili kule Nairobi, mwalimu wako, Daktari Nekesa, alikupa kazi juu ya sifongo moja ya rangi ya machungwa inayoota kwenye mwamba wa nje, kule maji yanakokuwa mazito kwa ubuluu. Ilikwisha kujulikana kwamba ndani yake mna kitu kinachoua seli za saratani. Wewe ulitakiwa kupima kinaziua kwa kiasi gani, basi. Kibali kikapatikana, na ulipoulizwa nani atazitoa, ulijibu bila kufikiri: Baba.

Jambo ambalo hukulijua wewe, wala mama yako, wala mtu yeyote, ni kwamba masikio yangu yalikuwa yamekwisha. La kushoto lilikuwa likiniuma tangu mwaka wa nyuma yake. Nikishuka kidogo tu nilihisi msumari unaingia, na nikipanda juu nilikuta damu puani. Mama yako alianza kunishuku kwa sababu ya redio. «Baba Riziki, mbona unaifungulia hivyo? Wataka na watu wa Shimoni wasikie?» Nikamwambia redio ndiyo mbovu.

Siku ya kuzitoa sifongo zako nilikwenda na mashua peke yangu. Hilo nalo lilikuwa kosa, mzamiaji hashuki peke yake, lakini sikutaka shahidi. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu dunia ilizunguka, nikashika kamba ya nanga na kutapika. Nilipopata nguvu nilikaa ndani ya mashua nikiitazama ndoo tupu, nikawaza jinsi nitakavyokupigia simu na kukwambia: mwanangu, baba yako hawezi tena. Sikuweza kulitamka hata nilipokuwa na bahari tupu mbele yangu.

Basi nikarudi kuelekea pwani, nikapita Kipwa Kidogo, pale penye majani ya bahari ambapo maji yakipwa mtu husimama kiunoni. Pana sifongo pale, rangi ile ile ya machungwa, vidole vile vile. Nikazikata. Nikazitia mifukoni kama mlivyonielekeza, nikachukua kalamu, na kwenye lebo, mahali pa kuandika zilikotolewa, nikaandika: Mwamba wa Nje. Herufi zilinyooka. Nilijiambia sifongo ni sifongo, nani atakayejua.

Ikapita miezi. Ukaja likizo, ukatandika mkeka sebuleni, ukatuita mimi na mama yako, na uso wako ulikuwa unang'aa.

«Nilitarajia zife,» ulisema. «Hazikufa, Baba. Zimetulia.»

«Zimetuliaje?» aliuliza mama yako. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani.

«Seli ya saratani, Mama, kazi yake ni kugawanyika. Mbili, nne, nane, haina kituo. Hizi zimeacha. Ziko hai, ila zimekaa tu, na umbo lake linaanza kufanana na la seli za kawaida. Nikadhani nimekosea vipimo. Nikarudia. Zikatulia tena. Ndipo nikaenda kutazama jeni.»

«Jeni ndiyo nini hasa? Mimi nalisikia redioni tu.»

«Ni agizo. Ndani ya kila seli mna maagizo yote ya mwili, na seli husoma lile inalolihitaji. Kuna moja linalosema: simama, imetosha. Katika seli hizi za saratani agizo hilo lipo, halikufutwa, ila limefungwa, seli haiwezi kulisoma. Na hiki kitu cha kwenye sifongo, ambacho sote tulidhani kazi yake ni kuua, kimelifungua. Seli imelisoma, ikasimama.»

Mama yako aliacha kuchambua mchele. «Kwa hiyo mlikwenda kutafuta kisu,» alisema, «mkakuta ufunguo.»

Ulicheka mpaka ukamkumbatia. Kisha ukatutazama sote wawili na kicheko kikakwisha. «Lakini ni kwenye vichupa vya maabara tu. Kwa mtu sijui. Huenda isifanye kitu, huenda ikadhuru. Tafadhalini, msimwambie mtu.»

Mama yako hakumwambia mtu. Mimi nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu tulikuwa gatini Shimoni tukingoja wageni, nahodha mmoja akanitania kwamba siku hizi sionekani majini, nimekuwa mzee wa kushika kamba. Likanichoma pale pale penye kidonda. Nikamjibu kwa sauti: «Mimi nimetoa dawa ya saratani chini ya bahari, na mwanangu ndiye aliyeigundua.» Wakanigeukia wote. Mmoja akanipa kiti chake. Nilirudi Mkwiro siku ile kichwa kimevimba, na sikukumbuka hata kidogo kwamba sikushuka chini ya bahari yoyote.

Maneno hayo yalifika Munje kabla ya Ijumaa. Sisi hatukujua.

Daktari Nekesa akataka kazi irudiwe kwa mzigo mpya, kama ilivyo desturi yenu. Nikasema nina homa. Wakatumwa wazamiaji wawili kutoka Mombasa, wakashuka mwamba wa nje, pale pale nilipopaandika. Nawe ukazipima. Seli zikafa, zote, kama vitabu vilivyosema, na lile agizo halikufunguka. Ukarudia, zikafa. Mzigo wa kwanza ulikuwa umekwisha kutumika, hata kipande hakikubaki cha kulinganisha. Kwenye karatasi ilionekana hivi: msichana alisema ameona jambo kubwa, na sasa jambo lenyewe halionekani.

Daktari Nekesa hakukuita mwongo. Alikuuliza kwa upole kama una hakika na daftari lako. Uliponisimulia kwa simu sauti yako ilikuwa nyembamba, nikaomba simu ikatike.

Ukaja nyumbani mwezi wa Ramadhani. Ulifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Ulianza kuzungumza habari za kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani, ukasema hata huko wanahitaji mtu aliyesoma. Nami nilikula futari nawe, nikakusogezea tende, nikanyamaza. Nilifunga mchana, nikasimama tarawehe, na katikati ya sala nilikuwa nikipanga jinsi ya kuendelea kunyamaza. Nakwambia haya ili usidhani kwamba mtu anayeficha hana dini au hana mapenzi. Nilikuwa navyo vyote viwili, na vyote viwili nilivipita kando.

Ndipo ikaja simu ya Munje. Unajua mama yako mkubwa alikuwa akitibiwa saratani ya titi kule Mombasa, na kila akitoka kutiwa dawa alilala siku kadhaa bila kula. Simu ilisema sasa ameacha kwenda. Amekwisha kuruka miadi miwili. Anasema hana haja tena ya dawa za kumnyonyoa nywele, anangoja sifongo ya mwanawe Riziki.

Mama yako aliiweka simu chini polepole. Wewe uliuliza: «Nani amemwambia?»

Nilisema ni mimi. Nilisema nilitamba gatini, na maneno yakatembea. Lile la pili, la chini yake, sikulisema.

Hukunigombeza. Ulivaa buibui na sote watatu tukaenda. Ulikaa kitandani kwa mama yako mkubwa ukamshika mikono yote miwili. «Mama, sina dawa,» ulimwambia. «Nilichokuwa nacho ni vichupa, na hata hivyo vimenikana. Rudi hospitali, nakuomba. Mimi nitakwenda nawe.» Alilia kidogo, akakubali. Kisha akanigeukia. «Shemeji, ulinipa tumaini ambalo hata wewe hukuwa nalo mkononi.» Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kujificha.

Tulipokuwa tukirudi, pale Shimoni, mama yako alikwenda kuulizia mashua. Tulibaki wawili. Nadhani uliona nilivyonywea, ukataka kunipoza. Ukasema: «Baba, usijitese. Ulisema kwa furaha ya kunipenda. Ujue Daktari Nekesa aliniuliza kama huenda aliyezitoa sifongo za kwanza alikosea mahali. Nikamwambia kosa litafutwe kwangu. Baba yangu hakosei mahali baharini.»

Ulitaka kunifariji. Sina hakika kama kuna kitu kimewahi kuniingia kama kile.

Kesho yake alasiri mlikuwa jikoni mnatayarisha futari, wewe ukiwa juu ya mbuzi unakuna nazi. Nikaingia nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasema: «Riziki, sikuzitoa mwamba wa nje.»

Ulisita na kifuu mkononi.

«Sikushuka. Nilijaribu nikashindwa. Masikio yangu yamekufa, zaidi ya mwaka sasa. Niliandika uongo.»

Mama yako aliweka mkono mdomoni. Wewe ulisema neno moja: «Wapi?»

«Kipwa Kidogo. Pale penye majani.»

«Upande gani?»

«Wa kusini, penye jiwe lililopasuka.»

«Kina gani?»

«Kiunoni, maji yakipwa.»

Ulitafuta kalamu, vidole vimejaa nazi, ukaandika nyuma ya pakiti ya unga. Ukarudia kuniuliza jua linapiga vipi pale, na maji yanakwenda upande gani. Ulipomaliza kuandika ndipo ulipolia. Ukaingia chumbani, na kwa siku tatu hukusema nami. Uliniamkia kila asubuhi, shikamoo Baba, ukanitilia uji wangu jioni, ukanipa maji ya kutawadha, na zaidi ya hayo hata neno. Sijapata kuadhibiwa kwa adabu namna ile.

Siku ya nne ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali. Ulikuja kibarazani na mifuko na kisu, ukasema: «Twende.» Tulipofika hukuniruhusu kukata. Ulisimama majini ukazikata mwenyewe, ukaniachia lebo na kalamu. «Andika,» ulisema. Nikaandika Kipwa Kidogo, na safari hii herufi zilikwenda kombo. Tuliporudi nyumbani, mlipokuwa mkizifunga kwenye barafu wewe na mama yako, uliniambia bila kunitazama: «Kwa Daktari Nekesa utasema mwenyewe, Baba. Mimi sitakusemea.»

Baada ya Idi nikapanda treni nawe hadi Nairobi, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mombasa, na nilipokaa mbele ya yule mama yakanitoka yote, nikabaki na yale mafupi tu: kwamba nilipewa kazi, nikaona aibu ya kushindwa, nikadanganya, na mtoto wangu akalipia uongo wangu.

Daktari Nekesa alivua miwani akaishika muda. «Mzee,» alisema, «umenipotezea miezi mingi. Na huyu binti nilikaribia kumpoteza. Unajua hilo?»

«Najua.»

«Mimi mwenyewe nimemtilia shaka. Hilo nitamwomba radhi, ni langu. Lakini lako ni kubwa.»

«Ni kubwa, Daktari.»

Akavaa tena miwani. Kisha akavuta karatasi, akaanza kuniuliza habari za Kipwa Kidogo. Mwanga wake, mchanga wake, majani yake, kama sifongo zile hukauka maji yakitoka kabisa. Nikamjibu yote, maana hayo nayajua kweli. Nilimwona anaandika kwa haraka zaidi na zaidi, nawe pembeni umekaa wima, na nikatambua kwamba mmekwisha kunisahau. Mlikuwa mnafukuzia jambo. Nilishukuru kusahauliwa.

Vile mlivyofanya baadaye ulinieleza wewe. Sifongo za nje na za kipwani ziliwekwa kwenye vichupa vya namba tupu, usijue kipi ni kipi, na mwanafunzi mwingine ndiye aliyehesabu. Wiki zile mama yako alinipikia kila siku bila kunipa maneno mengi, nami nilistahili hivyo. Kisha ukapiga simu. Nikaiweka sikio la kulia.

«Zimetulia, Baba.»

«Na agizo?»

«Limefunguka. La vichupa vya kipwani tu. Vya nje vimeua, vya kipwani vimefungua.»

Nilisujudu pale pale uani, kuku wakinizunguka. Jioni ulinieleza zaidi: kwamba sifongo hizi mbili ni ndugu, na kile kitu zinachokitengeneza ni kile kile karibu chote, isipokuwa kipembe kidogo upande mmoja kimekaa vingine, huenda kwa sababu zile za kipwani huishi penye jua kali na joto. Na kipembe hicho ndicho kinachokigeuza kazi. Bado hamjui kinalifunguaje lile agizo, kinamshika nani huko ndani ili alifungue. Hilo ndilo unalokwenda kulitafuta kwa miaka hii inayokuja.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Watu wanaoijua habari hii huniambia: Salimu, kosa lako lilikuwa la heri, usingedanganya kusingegunduliwa kitu. Nahodha yule wa Shimoni husema hivyo kila akiniona, na husema kwa wema. Mwanzoni nilitamani kumkubalia. Usimkubalie mtu anayesema hivyo, hata akiwa anakusudia kunisitiri. Kama ningeandika Kipwa Kidogo tangu siku ya kwanza, mngeliona jambo lile lile, mapema zaidi, na wewe usingefua nguo safi, na mama yako mkubwa asingeruka miadi. Uongo wangu haukuzaa kitu chochote. Kilichozaa ni kwamba wewe ulipoona seli hazikufa, uliandika hazikufa, wakati ulitakiwa kuandika zimekufa. Na zilipokufa mara ya pili ukaandika zimekufa, ijapokuwa ulijua zitakuvunja. Mimi na wewe tulipewa kalamu mwaka mmoja, tukaandika kila mtu lake.

Mama yako mkubwa alirudi hospitali wiki ile ile. Daktari wake alisema amechelewa kidogo, si sana. Nilimwomba aniruhusu kuwa wa kumpeleka, na nikampeleka kila mara mpaka alipomaliza, nikakaa naye kwenye benchi nikimshikia mkoba. Siku moja aliniambia, amefunga macho, amechoka: «Shemeji, kuanzia leo niletee habari za kweli tu, hata zikiwa mbaya.» Nimelishika hilo. Leo anapika mwenyewe, na uliposema utamuaga kwa simu akakataa, akataka akuone. Sijui ingekuwaje kama simu ile ya Munje ingechelewa mwezi mwingine. Ile «sijui» ninaishi nayo, na Mungu namshukuru kwamba imebaki «sijui» tu.

Nimekuwa nikijiuliza nilikuwa naogopa nini ndani ya mashua siku ile. Sikuogopa kukamatwa. Niliogopa kuwa mtu mwingine, si yule ambaye watu walimtaja. Lakini hilo si kosa langu kubwa, Riziki. Kosa kubwa ni hili: simu ilikuwa mfukoni, ningekupigia, ungesema, «Pole Baba, kamwone daktari, tutamtafuta mzamiaji mwingine.» Ungesema hivyo hivyo. Nilikulea, nikakujua tangu unaacha kiatu gatini, na bado sikukuamini kwa jambo dogo kama sikio langu. Nilidhani unampenda yule mzamiaji. Ulipotoka katika siku zako tatu za kimya, ukaniamuru niandike, ndipo nilipojua kwamba ulikuwa unanipenda mimi.

Huko uendako utakuta siku ambazo kazi itakukana, na utakuwa peke yako, na lugha si yako, na jambo rahisi kabisa litakuwa kunyamaza. Sina dawa ya siku hizo. Najua tu kwamba kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe nzito zaidi, na kwamba kusema kulichukua muda mfupi kuliko kukuna nazi moja.

Ulipomaliza kitabu chako cha shahada uliniletea ukurasa mmoja, ukanionyesha mstari. Umeandika kwamba sifongo za mzigo wa kwanza ziliandikiwa mahali pasipo pake, na kwamba mkusanyaji mwenyewe ndiye aliyesahihisha. Uliniuliza kama uweke jina au uache «mkusanyaji». Ulisema hakuna atakayekulaumu ukiacha. Nikakwambia weka. Basi nimo humo, Salimu wa Mkwiro, kosa langu na jina langu katika mstari mmoja. Mama yako aliusoma kwa sauti mara mbili. Nimewahi kusifiwa sana maishani mwangu, na hakuna sifa niliyoipenda kama ule mstari, kwa kuwa ule ni wa kweli wote.

Nakushukuru, mwanangu. Si jambo ambalo wazazi wa huku huwaandikia watoto, lakini nakushukuru. Kwa kunisubiri gatini. Kwa kunikasirikia bila kunivunjia heshima. Kwa kuninyima nafasi ya kusemewa. Kwa kunipeleka mwenyewe kupimwa masikio, ukakaa nami mlangoni kama vile mimi ndiye mtoto. La kushoto halitarudi. Sasa nashika usukani, nawatazama wengine wakishuka, na wageni wakiuliza kwa nini mimi sishuki, nawaambia sababu.

Mwenyezi Mungu akutangulie, akupe afya, akupe watu wema kandokando yako, akurudishe kwetu salama na kazi yako ikiwa na manufaa kwa wanaougua. Amina.

Mama yako alinishauri niitie barua hii ndani ya begi lako, uikute ukishafika. Nimemwambia hapana. Nitakupa mkononi leo, mkirudi, uisome hapa kibarazani nikiwa nimekaa karibu nawe, upande wa sikio zima, ili kama kuna la kuniuliza, uniulize.

Baba yako,
Salimu